Upasuaji wa Kupunguza Matiti: Utafiti Usiishie Mlangoni mwa Wodi

Upasuaji wa kupunguza matiti ni jambo ambalo, likitajwa mbele za watu, aghalabu hupokewa kwa vicheko vya chini chini. Wengi hulihesabu pamoja na rangi za midomo na nywele za bandia, yaani miongoni mwa anasa za watu wenye fedha nyingi na shughuli chache. Mwanamke ambaye shingo yake inauma tangu alfajiri mpaka usiku, ambaye kanda za sidiria zimemchimba mifereji mabegani, na ambaye ngozi ya chini ya matiti yake haikauki vidonda msimu wote wa joto, hana sababu ya kucheka. Kwake yeye matiti yaliyozidi kiasi ni mzigo, na mzigo hupimwa kwa kilo.

Nchini Tanzania upasuaji huu si habari ya mbali. Katika miaka hii ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika kampasi yake ya Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma za upasuaji rekebishi, na kupunguza matiti ni mojawapo. Bila shaka huduma hiyo itazidi kuenea. Si lazima tena kuuliza kama wapasuaji wa nchi hii wanaweza kuifanya kazi hiyo, wanaweza. Lililobaki bila jibu la kutosha ni hili: nini humpata mgonjwa baada ya kushonwa, kuruhusiwa na kurudi kwake? Na kwake huko pengine si Upanga wala Masaki, bali ni Bugarama.

Bugarama ni kata iliyomo wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, katika Halmashauri ya Msalala, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Ni nchi ya wakulima wa mpunga, mahindi na pamba, ya wafugaji wa ng'ombe, na ya wachimbaji wadogo. Mwanamke wa huko huteka maji, hulima, hutwanga. Na akiwa anatafuta riziki machimboni hugonga mawe kwa nyundo, hubeba viroba vya mchanga, au hupikia wachimbaji chakula tangu kabla ya mapambazuko. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utafiti wa kitabibu juu ya upasuaji wa matiti, na juu ya kupona kwake, hautakuwa na manufaa kamili kwa nchi hii mpaka umfuate mwanamke huyo hadi nyumbani kwake.

Kwanza ni vema kueleza jambo lenyewe. Titi la mwanamke limejengwa hasa kwa vitu vitatu: tezi zinazotengeneza maziwa pamoja na vijifereji vyake, mafuta, na nyuzinyuzi zinazoshikilia vyote hivyo pamoja. Homoni ya estrojeni, inayotolewa na ovari msichana anapobalehe, ndiyo inayoanzisha ukuaji wake. Kwa wasichana wachache mno ukuaji huo hausimami inapopasa. Titi huongezeka upesi kwa muda wa miezi michache, wakati mwingine moja likilitangulia lingine, hata likafikia uzito wa kilo moja na nusu au zaidi. Damu ya wasichana hao ikipimwa, kiwango cha homoni aghalabu huonekana ni cha kawaida. Kwa hiyo wataalamu wengi huelekea kuamini kwamba kasoro haiko katika wingi wa homoni, bali katika wepesi wa seli za titi kuiitikia homoni hiyo. Hali nyingine inayofanana na hiyo, nayo ni adimu zaidi, huwapata baadhi ya wanawake wakiwa wajawazito. Mwaka 1669 tabibu mmoja wa Plymouth, Uingereza, aitwaye William Durston, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London habari za mwanamke ambaye matiti yake yalivimba ghafula kupita kiasi; alipofariki, titi la kushoto peke yake lilipimwa likaonekana lina paundi 64, yaani kama kilo 29. Mgonjwa wa namna hiyo ni nadra sana. Walio wengi ni wanawake ambao matiti yao yameongezeka polepole kwa urithi, kwa unene wa mwili na kwa uzazi, na ambao wamebeba kilo zao kimya kimya kwa miaka.

Hapa inafaa kugusia jambo linalowahusu walimu moja kwa moja. Katika sehemu nyingi za nchi, msichana ambaye matiti yake yamekua upesi kuliko ya wenzake hunong'onwa. Husemwa amechezewa na wanaume. Au husemwa amerogwa, akapelekwa kuchanjwa chale. La kwanza ni uongo mtupu, maana titi halikui kwa kuguswa. Nalo ni uongo unaodhuru, kwa kuwa humtia aibu mtoto asiye na kosa. La pili huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, kwani wembe usio safi huingiza vijidudu, na ngozi iliyochanjwa huweza kuota makovu manene yanayozidi kukua. Msichana huyo ataanza kwa kukwepa mchakamchaka wa asubuhi. Baadaye atakwepa michezo, kisha ataketi nyuma ya darasa akiwa ameinama na kujifunika sweta hata jua liwapo utosini; na mwishoni huenda akaiacha shule yenyewe. Mwalimu wa biolojia aliye na robo saa tu ya kueleza kazi ya homoni anaweza kuzuia mambo hayo kwa kiasi ambacho hakuna mpasuaji atakayekifikia.

Je, upasuaji wenyewe unasaidia? Katika swali hili jibu ni thabiti. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi mpana ambamo wanawake 179 waliulizwa maswali yale yale kabla na baada ya kupunguzwa matiti, na majibu yao yakalinganishwa na ya wanawake wengine wasiopasuliwa, baadhi yao wenye matiti makubwa na baadhi yao wa kawaida. Kabla ya upasuaji, kama nusu ya wanawake hao walisema wanaumwa muda wote au muda mwingi katika mgongo, mabega au shingo. Baada yake waliosema hivyo hawakufika asilimia 10. Tiba nyingine, kama vile sidiria maalumu, mazoezi ya viungo, dawa za maumivu na kupunguza uzito wa mwili, hazikuonekana kuleta nafuu ya kudumu. Na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba nafuu hiyo haikutegemea uzito wa nyama iliyoondolewa. Aliyeondolewa kidogo alipata nafuu sawasawa na aliyeondolewa nyingi.

Jambo hilo la mwisho lina uzito wake katika siasa za afya. Mwaka 1991 mpasuaji wa Marekani, Paul Schnur, pamoja na wenzake, waliwauliza wapasuaji wenzao habari za wagonjwa waliowahudumia, wakatengeneza jedwali linalolinganisha ukubwa wa mwili wa mwanamke na gramu zilizoondolewa. Makampuni ya bima yakalinyakua jedwali hilo na kulifanya mizani ya hukumu: asiyefikisha gramu kadhaa ni wa urembo, ajilipie, aliyezifikisha ni mgonjwa, atalipiwa. Schnur mwenyewe alirudi mwaka 1999 kuyapinga matumizi hayo, lakini mizani ikishaingia mikononi mwa wahasibu ni vigumu kuitoa. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Siku itafika ambapo mtu ofisini atatakiwa kuamua ni mwanamke gani alipiwe upasuaji huu na ni yupi asilipiwe, naye atavutiwa na jedwali la gramu kwa kuwa ni rahisi kulisoma. Afadhali aulize kama mwanamke huyo anaweza kuinama shambani kutwa nzima bila maumivu. Swali hilo lina ugumu wake, lakini ndilo swali la ugonjwa.

Namna ya kupasua ina historia yake. Mchoro unaofuatwa na wapasuaji wengi hata leo ulipendekezwa mwaka 1956 na Robert Wise, naye alitumia kiolezo kilichotokana na jinsi mafundi wanavyokata vitambaa vya sidiria. Mpasuaji huondoa sehemu ya ngozi, mafuta na tezi, kisha huipandisha chuchu mahali pake papya ikiwa bado imeunganishwa na nguzo ya nyama yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nguzo hiyo ikikatwa au ikibanwa, chuchu hufa. Mshono unaobaki huizunguka chuchu, hushuka wima, kisha hukutana na mshono mwingine ulalao chini ya titi, mfano wa nanga. Pale mishono miwili inapokutana ngozi huvutwa kwa nguvu nyingi huku damu ikifika kwa shida, na ndipo mahali ambapo kidonda hufumuka mara nyingi zaidi. Kupasua matiti yote mawili huchukua kwa kawaida kati ya saa 2 na 4, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi.

Sasa tazama kupona. Katika uchunguzi ule ule wa Marekani, asilimia 43 ya wanawake walipata tatizo fulani baada ya upasuaji. Idadi hiyo hutisha mpaka isomwe kwa makini: tatizo lililoongoza lilikuwa kidonda kuchelewa kufunga, nalo liliwapata kama asilimia 22. Katika vitabu vya ng'ambo jambo hilo huandikwa kuwa tatizo dogo. Mwanamke hurudi kliniki, nesi humsafisha, hubadilishiwa bandeji mara mbili au tatu kwa juma, na baada ya mwezi mmoja au miwili kovu hujifunga lenyewe. Hakuna hitilafu katika maelezo hayo, ila kwamba neno "dogo" limeegemea vitu ambavyo havikutajwa: maji safi ya bomba, kliniki iliyo karibu, bandeji zisizokwisha, na mtu mwingine nyumbani wa kupika.

Viondolewe vitu hivyo kimoja kimoja. Mgonjwa aliyepunguzwa matiti huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa muda wa majuma 4 hadi 6. Ndoo ya maji iliyo ya kawaida katika vijiji vya Shinyanga ni ya lita 20, maana yake kilo 20 zinazonyanyuliwa kwa mikono miwili, zikapitishwa mbele ya kifua na kutwikwa kichwani. Ni vigumu kubuni zoezi linalouvuta mshono wa nanga kuliko hilo. Huambiwa pia avae sidiria ya kubana usiku na mchana, naye ana moja tu, au hana. Huambiwa arudi baada ya juma moja aonwe. Na toka Bugarama mpaka mjini Kahama ni makumi ya kilomita, huku hospitali ya rufaa ya kanda, yaani Bugando, ikiwa Mwanza. Mpaka Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli lenye urefu wa kama kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, msafiri aliyepita njia ya Geita na Sengerema alilazimika kungojea kivuko. Daraja limeondoa kungoja, nauli haikuondoka.

Msomaji asidhani kwamba haya ni makisio tu ya mtu aketiye mezani. Hospitali za Tanzania zimekwisha kufanya utafiti wa maana juu ya majeraha ya upasuaji kwa jumla. Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kuhudumia Kanda ya Ziwa, ilichunguza wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa aina mbalimbali. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba 65 kati yao, yaani asilimia 26, majeraha yao yaliingia vijidudu. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na hatari hiyo yalikuwa upasuaji wa saa 3 au zaidi, uvutaji wa sigara, na kuachwa kwa mrija ndani ya jeraha.

Utafiti mwingine ulifanyika katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi na kuchapishwa mwaka 2003. Ndio hasa unaofaa kuandikwa ubaoni mbele ya wanafunzi wa hisabati na wa biolojia pamoja. Wagonjwa walikuwa 396. Waliopata maambukizi ya jeraha walikuwa 77, ambao ni kama asilimia 19. Lakini kati ya hao 77, wagonjwa 28 maambukizi yao hayakuonekana walipokuwa wodini. Yalijitokeza walipokwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanafunzi na atoe 28 katika 77, kisha agawanye kwa 396. Atapata kama asilimia 12. Hii ndiyo namba ambayo hospitali ingeitangaza kwa dhamiri safi kama watafiti wangefunga daftari siku mgonjwa alipotoka wodini. Hakuna ambaye angesema uongo. Ila zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wa majeraha wangetoweka katika hesabu, nao wangekuwa wanaugulia makwao.

Utafiti unaoishia mlangoni mwa wodi hauwaoni hao. Tena kuna sababu ya kuhofu kwamba wanaopotea si watu wa kubahatisha. Anayekaa karibu na hospitali hurudi na jeraha lake, akaandikwa. Anayekaa mbali hulitibu kwa maji ya chumvi na vidonge vya dukani. Na akipona au asipopona, kwenye jalada huandikwa tu kwamba hakurudi. Kwa hiyo kadiri hospitali inavyohudumia watu wa mbali zaidi, ndivyo takwimu zake zinavyoweza kupendeza zaidi. Mwanafunzi atakayeielewa sentensi hiyo ameelewa sehemu kubwa ya sayansi ya takwimu.

Upasuaji wa matiti una sifa moja inayoufanya ufae sana kwa utafiti, nayo ni kwamba kila mwanamke ana matiti mawili. Mfano mzuri ni ule wa mrija. Kwa miaka mingi wapasuaji wamezoea kuacha mrija mwembamba katika kila titi, ili damu na majimaji yatoke badala ya kujikusanya ndani. Ni desturi inayoonekana ya akili. Hata hivyo, desturi ya akili na jambo lililothibitishwa ni vitu viwili. Yalifanyika majaribio matatu ya kupiga kura, yenye jumla ya wanawake 306, na katika baadhi yake kila mwanamke alikuwa kipimo cha nafsi yake mwenyewe: titi moja liliwekewa mrija, la pili halikuwekewa, na kura ndiyo iliyoamua lipi ni lipi. Umri ni ule ule, damu ni ile ile, chakula ni kile kile, mkono wa mpasuaji ni ule ule. Kilichotofautiana ni mrija peke yake. Majaribio hayo yalipokusanywa na kupitiwa pamoja, faida ya mrija haikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba wenye mirija walikaa hospitali muda mrefu zaidi.

Matokeo hayo yakiwekwa kando ya yale ya Bugando, ambako mrija uliambatana na maambukizi, hitimisho huelekea upande mmoja. Lakini tahadhari ni lazima. Kuambatana si kusababisha: huenda huko Bugando waliowekewa mirija ndio waliokuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Wala majaribio ya wanawake 306 hayakufanywa mahali ambapo damu iliyojikusanya usiku itamkuta mgonjwa mbali na chumba cha upasuaji. Inawezekana kabisa kwamba mrija usio na faida Ulaya una faida Tanzania. Na inawezekana kwamba hapa hauna faida na tena unadhuru. Jambo hili halitaamuliwa kwa hoja. Litaamuliwa kwa kupiga kura ile ile katika hospitali za nchi hii, na kuwafuata wanawake wale siku 30 kamili, popote waishipo.

Watakuwepo wasemao kwamba nchi yenye malaria, kifua kikuu na vifo vya wazazi haina haja ya kutumia watafiti wake katika matiti yaliyozidi ukubwa. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa, maana fedha ni chache na kila shilingi ina mwenye haki nayo. Lakini inasahau kwamba kidonda hakijui kilikatwa kwa ajili gani. Njia itakayobuniwa kumfuatilia mwanamke aliyepunguzwa matiti ndiyo hiyo hiyo itakayomfuatilia aliyezalishwa kwa upasuaji, aliyeondolewa titi kwa saratani, na mchimbaji aliyekatwa mguu baada ya kuangukiwa na mwamba. Isitoshe, haihitaji mitambo. Watafiti wa Moshi wamekwisha kuwajaribu kwa simu wazazi waliojifungua kwa upasuaji, wakachapisha matokeo mwaka 2017: simu ilikosa baadhi ya maambukizi, lakini iliyagundua mengi. Simu ya mkononi imefika Bugarama kabla ya mambo mengine mengi ya lazima. Muuguzi mmoja, orodha ya maswali sita au saba yaliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na mtu wa kuyauliza kwa Kisukuma pale inapobidi: gharama yake haifiki bei ya kifaa kimoja cha chumba cha upasuaji. Wakati mwingine huonekana kana kwamba utafiti wa namna hii haufanyiki kwa sababu ni rahisi mno kuwavutia wafadhili.

Maswali yenyewe nayo yafikiriwe upya. Vipimo vya ng'ambo, vilivyotungwa kwa ustadi mkubwa, humwuliza mwanamke jinsi anavyoridhika na umbo lake akiwa amevaa nguo na akiwa hana nguo, na jinsi anavyojisikia mbele ya watu. Ni maswali halali, wala mwanamke wa kijijini asidhaniwe kuwa hajali umbo lake. Lakini yeye angependa kuulizwa pia kama anaweza kutwanga, kama anaweza kufunga mtoto mgongoni bila kanga kumkata kifuani, na ni siku ngapi zilipita kabla hajaweza kuinua ndoo. Kipimo kilichotafsiriwa tu hakina maswali hayo. Wanaofaa kuyatunga ni wanawake wenyewe, wakikaa pamoja na wauguzi wanaojua maisha yao.

Kuna jingine ambalo hospitali isilisahau. Nyama inayoondolewa isitupwe kabla ya kupelekwa maabara, kwa kuwa mara chache chache saratani ambayo haikushukiwa na yeyote hukutwa humo. Na majibu ya maabara hutoka mgonjwa akiwa amekwisha kuondoka. Hivyo bila njia ya kumpata tena, uchunguzi huo unakuwa kazi bure.

Lililo zito kuliko yote, kwa nchi hii, ni unyonyeshaji. Huko ambako upasuaji huu umeenea, maziwa ya kopo yako kila duka, na mama asiyeweza kunyonyesha husikitika kisha akayanunua. Vijijini Tanzania mtoto asiyenyonya yumo hatarini, kwani maziwa ya kopo ni ghali na maji ya kuyachanganyia si salama kila mahali. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba jambo linaloamua ni ile nguzo ya nyama iliyo nyuma ya chuchu mpaka kifuani. Ilipoachwa yote, wanawake karibu wote waliweza kunyonyesha. Ilipoachwa sehemu yake, kama robo tatu yao. Ilipokatwa kabisa, karibu hakuna aliyeweza. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mpasuaji wa Tanzania achague njia yake kwa kumwuliza kwanza mgonjwa kama bado anataka watoto, na aandike jibu. Ila tafiti zilizopitiwa zilitofautiana juu ya maana ya kunyonyesha: baadhi zilihesabu kuwa ni mafanikio hata mama alipotoa maziwa machache na kuongezea ya kopo. Hapa kipimo kinachohitajika ni kigumu zaidi, nacho ni kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, yaani miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake.

Hicho hakiwezi kupimwa kwa siku 30. Msichana atakayepasuliwa akiwa na umri wa miaka 18, titi likiwa limekwisha kuacha kukua, huenda atazaa akiwa na miaka 24, na yamkini atazalia katika zahanati ambayo haijui alipasuliwa wapi wala kwa njia gani. Mkunga atakayempokea ataona kovu lenye umbo la nanga. Kama kadi ya kliniki ya msichana huyo inaeleza ni nguzo ipi iliyoachwa, mkunga atajua siku ile ile kama amtie moyo mama aendelee kumweka mtoto titini, au aanze mapema kumpima mtoto uzito kila baada ya siku chache. Na uzito huo, ukirudishwa kwa maandishi Mwanza au Dar es Salaam, utakuwa ndio takwimu ambayo mpaka sasa inaazimwa kutoka kwa watu wengine.